Ziwa Moja, Wapimaji Wengi



Mtoto wa Kasongo asimamaye ukingoni mwa Lualaba huyaona maji yakipita mchana na usiku, wala hafikiri sana yalikotoka. Yafaa ajue kwamba sehemu ya maji hayo imetoka Ziwa Tanganyika. Hutoka ziwani kwa Mto Lukuga, hapo Kalemie, yakaingia Lualaba kabla ya Kongolo, ndipo yakatufikia sisi. Ndugu zetu wa Kabambare nao wana Mto Luama, uanzao katika milima iliyo magharibi ya ziwa, lakini hulipa ziwa kisogo na kuteremkia Lualaba. Tena ndagala wakavu, ambao mama zetu huwanunua kwa vikombe sokoni, ni watoto wa ziwa hilo. Basi habari zake si habari za mbali.

Juma hili twataka kueleza jinsi maji hayo yanavyochunguzwa, na kwa nini kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja wala na taifa moja.

Mwaka 1870 Livingstone alilala mgonjwa miezi mingi huko Kabambare. Mwaka uliofuata akafika Nyangwe, akauona Lualaba, akadhani kwamba huenda ndio mwanzo wa Nile. Alitaka mitumbwi aufuate mto, asiipate. Akafa mwaka 1873 pasipo kujua. Stanley ndiye aliyeufuata mto huo kutoka Nyangwe, akatokea Bahari ya Atlantiki mwaka 1877. Livingstone hakuwa mjinga, na alipima kwa uangalifu. Lakini aliona kipande tu cha maji, akakadiria kilichobaki.

Mwingereza mwingine, J. E. S. Moore, alilifikia Tanganyika katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Alikuta humo konokono wanaofanana na wa baharini, na mnyama mmoja laini, mfano wa mwavuli mdogo, ambaye jamaa zake wengi hukaa katika maji ya chumvi. Akasema kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kale. Waliomfuata, kama Cunnington aliyekuja mwaka 1904, walichunguza tena, wakaona sivyo. Ziwa halikuwa bahari; viumbe wake wamegeuka umbo humo humo katika mamilioni ya miaka. Ndivyo elimu inavyokwenda: mmoja asema, wengine wapima, na kosa laondolewa pasipo ugomvi.

Mwaka 1946 na 1947 msafara wa Wabelgiji ulilipima ziwa lote, na Max Poll akaandika habari za samaki wake. Kina chake kikubwa ni kama mita 1,470, na urefu wake karibu kilomita 670. Katika mwaka huo wa 1947 iliundwa IRSAC, jumuiya ya uchunguzi wa sayansi katika Afrika ya kati, yenye makao Lwiro. Kazi ya maji ikapewa kituo cha Uvira. Baada ya uhuru majina yalibadilika. Leo kituo hicho huitwa Centre de Recherche en Hydrobiologie, yaani Kituo cha Uchunguzi wa Maji na Viumbe Wake.

Labda msomaji atauliza: Kituo kimoja katika mji mmoja chaweza kusaidia nini ulimwengu? Jibu limo katika upepo. Kuanzia Mei hata Septemba upepo wa kusini huyasukuma maji ya moto ya juu kwenda kaskazini. Huko Mpulungu, katika Zambia, maji baridi ya chini hupanda mahali pao, yakileta chakula cha vijimea vidogo sana ambavyo ni mwanzo wa riziki ya samaki wote. Upepo ukikoma, maji huyumba na kurudi, kama maji ya beseni lililoinuliwa upande mmoja. Apimaye Mpulungu peke yake atasema ziwa limepoa. Apimaye Uvira peke yake atasema limepata joto. Wote wawili wamesema kweli, na hakuna aliyelijua ziwa.

Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1992, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa msaada wa Ufini, liliwaunganisha wapimaji wa Bujumbura, Kigoma, Mpulungu na Uvira katika kazi moja. Mwaka 1995 hata 2000 kazi nyingine ya mataifa ikachunguza viumbe, uvuvi, uchafu, na udongo unaomomonyoka milimani na kuzika mawe wanamozalia samaki.

Hesabu zilizokusanywa ziwani kwa miaka mingi zilionyesha jambo zito. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba ziwa limepata joto. Maji ya moto ni mepesi. Huelea juu ya maji baridi kama mafuta juu ya mchuzi, yasichanganyike upesi, na chakula hubaki chini. Walikadiria kwamba vijimea vimepungua karibu asilimia 20, na kwamba samaki waweza kupungua karibu asilimia 30. Ongezeni nyavu zenye matundu madogo na wavuvi wanaozidi kila mwaka, mtaelewa kwa nini kikombe cha ndagala ni jambo la kufikiriwa.

Tarehe 12 Juni 2003, huko Dar es Salaam, Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kulitunza ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hata 15 Agosti. Hapo ndipo penye uchungu. Mvuvi aambiwaye alaze nyavu miezi mitatu, hali watoto wake wanataka kula, ana haki ya kuuliza: Nani amehesabu, na amehesabu kwa kweli? Karibu nusu ya ziwa, asilimia 45, imo Kongo. Upande wetu usipohesabiwa, au ukihesabiwa kwa kubahatisha, amri itakayotoka itakuwa ya kubahatisha pia, na maskini ndiye atakayeilipa.

Uvira umepitiwa na vita mara nyingi tangu mwaka 1996. Mashua na vyombo vyaweza kununuliwa tena kwa msaada wa marafiki wa ng'ambo. Lakini siku isiyopimwa hainunuliwi tena; imepotea.

Nanyi wanafunzi wa Kasongo na Kabambare, msingoje kufika Uvira. Simikeni mti wenye alama mtoni, mwandike kila asubuhi maji yamefika wapi, hata siku ambayo hayakubadilika, hata siku ya mvua kubwa. Aliyechelewa aandike kwamba hakupima, asibuni. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini kidole kinachosema uongo huharibu kazi ya mkono mzima.