Miguu ya Mbele ya Morris Minor

Gari aina ya Morris Minor, lililobuniwa na Alec Issigonis, lilionyeshwa hadharani mjini London mwaka 1948, likaendelea kuundwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yaliundwa zaidi ya milioni moja, na baadhi yake yalipita katika barabara za Afrika Mashariki. Wako wanaoyatunza hata leo. Hao hawana budi kujua kwamba ugonjwa wa hatari kupita yote katika gari hilo haumo ndani ya injini, bali katika miguu ya mbele.

Kila gurudumu la mbele hushikwa na kingipini, yaani mhimili wa chuma uliosimama wima, wenye hesi juu na chini. Hesi hizo huingia katika vipande viwili mfano wa nati, na gari linapokata kona mhimili huzunguka humo. Chakula chake ni grisi. Grisi ikikosekana, vumbi na maji hupenya, hesi husagika kidogo kidogo, na siku moja mhimili huchomoka chini. Hapo gurudumu hulala, pembe ya gari huanguka barabarani, na usukani haumsaidii dereva tena. Likitokea hilo gari linapogeuzwa uani, hasara ni ya chuma tu. Likitokea katika mwendo wa kasi, ni msiba wa wote waliomo.

Uchunguzi wake ni rahisi. Gari liinuliwe kwa jeki, gurudumu lishikwe juu na chini, kisha litikiswe. Likicheza, msaidizi akanyage breki. Likiendelea kucheza, kosa si la beringi. Kingipini ndiyo ichunguzwe.

Kutengeneza kunataka uangalifu. Mbele ya gari hili hamna springi za duara. Uzito hubebwa na fito mbili za chuma zilizolazwa chini ya sakafu, ambazo hujisokota magurudumu yapandapo. Ufito uliosokotwa una nguvu ya kumvunja mtu mkono. Kwa hiyo gari liegemezwe juu ya stendi imara, mkono wa chini ubebwe na jeki kabla nati haijalegezwa, ndipo jeki iteremshwe taratibu. Fito zisibadilishwe pande, kwa kuwa kila mmoja umekwisha kuzoea msokoto wa upande wake. Kadhalika kingipini ya kulia haifai kushoto.

Bushi za mpira hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo mpira hupasuka upesi. Kisha mwelekeo wa magurudumu upimwe.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Grisi itiwe gurudumu likiwa limeinuliwa, ili ifike kwenye hesi zinazobeba uzito. Tarehe iandikwe katika daftari la gari, na yeyote wa nyumbani atakayeshika usukani alisome kabla ya safari.