UCHAMBUZI: Tembe ya pamoja ya presha itafaa tu iwapo haitakosekana zahanatini

SHINIKIZO la damu halibishi hodi. Mwathiriwa huweza kuishi nalo miaka mingi bila maumivu yoyote, hadi siku anapopatwa na kiharusi au figo zake zinapokataa kufanya kazi.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulibainisha kuwa karibu robo ya watu wazima walikuwa na tatizo hili, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Hata kwa waliogunduliwa kuugua, matibabu yenyewe ni kizungumkuti. Wengi huhitaji dawa za aina mbili au zaidi kila siku, maishani mwao mwote. Kadiri tembe zinavyoongezeka, ndivyo mgonjwa anavyozidi kuruka baadhi yazo, au kuziacha kabisa pindi anapojihisi mzima.

Ndiposa mnamo 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza tembe zenye dawa mbili kwa pamoja katika orodha yake ya dawa muhimu. Mnamo 2021, shirika hilo lilipendekeza tiba ianze kwa mchanganyiko wa dawa, ikiwezekana ndani ya tembe moja.

Mantiki yake ni wazi. Amlodipini hulegeza mishipa ya damu, nayo haidroklorothiazidi huzisaidia figo kutoa chumvi na maji ya ziada. Kuongeza dawa ya aina ya pili hushusha shinikizo zaidi ya kuongeza maradufu kipimo cha ile ya kwanza.

Isitoshe, ushahidi umetoka humu barani. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa 2019, uliwahusisha wagonjwa 728 kutoka mataifa sita ya Afrika, Kenya ikiwemo. Michanganyiko yenye amlodipini ilishusha shinikizo kuliko ule usiokuwa nayo.

Hata hivyo, tembe hizi hazimfai kila mtu. Madhara yakizuka, ni vigumu kujua ni dawa ipi iliyoyasababisha. Aidha, zenye lisinoprili au telmisartani hazimfai mja mzito kwani huweza kudhuru mtoto tumboni. Hivyo basi, ni dawa ya kuandikiwa na daktari, si ya kuombwa kwa jirani.

Suala zito zaidi ni upatikanaji. Anayetumia tembe mbili tofauti, moja ikiisha katika zahanati, husalia na nyingine. Anayetegemea tembe ya pamoja hupoteza dawa zote mbili kwa mpigo.

Tangu 2013, hospitali nyingi za umma na zahanati zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Zikinunua tembe hizi mwezi huu na kuzikosa mwezi ujao, mgonjwa hatakuwa amefaidika.

Gharama ya dawa za mwezi mmoja ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kusafishwa damu kwa mashine kila wiki. Kaunti zisipoziba ufa huu, zitajenga ukuta.