Mtihani wa Bastola: Fupisheni Karatasi, Msifupishe Kipimo

Wiki mbili kabla ya UE, chumbani kwetu hosteli tulikuwa wanne, na kama mnavyojua wakati wa msuli ndipo mada zisizo kwenye desa zinapokuwa tamu. Mwenzangu anayesoma manunuzi na ugavi alikuwa anatusimulia mfano aliokutana nao kwenye somo lake: jinsi jeshi la Marekani lilivyochagua bastola mpya ya askari wake. Alipofika kwenye habari ya jenerali aliyechoshwa na makaratasi, tulicheka mpaka chumba cha jirani wakagonga ukuta. Kesho yake, nikiwa kwenye foleni ya kafeteria, nikaanza kujiuliza tulikuwa tunacheka nini hasa. Kiukweli nimekuja kuona jenerali yule alikuwa sahihi nusu, na ile nusu aliyokosea inatuhusu hata sisi ambao hatutashika bastola maishani.

Kisa chenyewe ni hiki. Tangu 1985 bastola rasmi ya majeshi ya Marekani ilikuwa M9, iliyobuniwa na kampuni ya Beretta ya Italia. Kufikia miaka ya 2010 nyingi zilikuwa zimechakaa, na malalamiko yalikuwepo, likiwemo la mpini mnene unaowasumbua askari wenye viganja vidogo. Mwaka 2015 Jeshi la Nchi Kavu likatangaza zabuni ya bastola mpya. Machi 2016, Jenerali Mark Milley, aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo, akasimama hadharani kulalamika: nyaraka za masharti zina kurasa 367, majaribio yatachukua miaka miwili, na majaribio hayo peke yake yanakula dola milioni 17. Akasema hii ni bastola tu, hatutengenezi chombo cha kwenda mwezini. Wampe yeye hizo milioni 17, atapiga simu kwenye duka la vifaa vya uwindaji na kila mwanajeshi atapata bastola.

Ukisikia hivyo unampigia makofi. Nani kati yetu hajazungushwa na makaratasi? Unafuatilia alama moja iliyopotea, ofisi hii inakutuma ile, ile inakwambia mhusika katoka, rudi Jumatatu. Kwa hiyo mtu mwenye nyota mabegani akisema makaratasi yamezidi, roho inasuuzika.

Na historia ya jeshi lake inamuunga mkono kiasi. Machi 1911, jeshi hilohilo lilizishindanisha bastola mbili, ya Colt iliyobuniwa na John Browning na ya Savage. Kila moja ilifyatua risasi 6,000 ndani ya siku chache. Bastola ikipata moto kupita kiasi, inatumbukizwa kwenye maji, kazi inaendelea. Colt ilimaliza bila kukwama hata mara moja, Savage ikakwama mara nyingi. Mtihani wa namna hiyo hata mtoto wa darasa la pili anauelewa, na haukuhitaji mwanasheria wa kuusoma. Bastola iliyoshinda, M1911, ilibaki kuwa bastola rasmi hadi 1985, yaani miaka 74.

Ila tusisahau kitu kimoja. Risasi zile 6,000 zilikuwa UE. Kazi za darasani zilianza 1907, na katika miaka ile minne bastola zilirudishwa viwandani kurekebishwa zaidi ya mara moja. Kwa lugha yetu, Colt ilishapiga sapu kadhaa kabla ya kupata ile A.

Sasa angalieni kilichotokea kwa M9. Kwenye majaribio ya 1984 bastola mbili zilifaulu, ya Beretta na ya SIG. Zote zikaonekana zinafaa, hivyo bei ndiyo ikaamua: Beretta ikashinda kwa gharama ya jumla, ukijumlisha na magazini na vipuri. Miaka michache baadaye, kwenye baadhi ya bastola hizo, kile kipande cha chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka kikaanza kupasuka, na watu wakaumia. Ikabidi muundo urekebishwe ili kipande kikipasuka kisiruke kumrudia mpigaji. Mwaka 1988 majaribio yakafanywa upya, Beretta ikashinda tena, ikaendelea kutumika kwa karibu miaka 30 mingine. Haikuwa bastola mbaya. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kasoro kugunduliwa na mpimaji na kasoro kugunduliwa na uso wa askari.

Hapa naomba niingize taaluma yangu kidogo. Kwenye somo la upimaji na tathmini tunafundishwa maneno mawili: uhalali na uthabiti. Uhalali ni kwamba mtihani upime kile unachodai kupima. Uthabiti ni kwamba ukiurudia, majibu yasiyumbe. Niliyakariri, nikayaandika kwenye mtihani, nikapata alama zangu. Nilikuja kuyaelewa mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa na mikondo miwili ya kidato cha pili, jumla wanafunzi 112, somo la jiografia, mada ya usomaji wa ramani. Nikawaza kusahihisha karatasi 112, nikachoka kabla ya kuanza. Nikatunga maswali 20 ya kuchagua. Wengi wakafaulu, na mimi nikajiona mwalimu. Wiki iliyofuata nikawapa ramani halisi na uzi, nikawaambia wapime umbali wa barabara kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Kimya. Mmoja wa walioongoza mtihani akaniuliza, "Madam, uzi ni wa nini?"

Niliokoa jioni tatu za kusahihisha, nikazilipa kwa wiki mbili za kufundisha upya. Na huo ulikuwa uzi tu. Bastola ni habari nyingine.

Turudi Marekani. Januari 2017 jeshi lilitangaza mshindi: SIG Sauer, kwa mkataba unaoweza kufika dola milioni 580. Bastola yao ya P320 ikapewa jina la M17, na ndogo yake M18. Lile tatizo la viganja likapata dawa, kwa sababu mpini unabadilishwa: upo mdogo, wa kati na mkubwa, kila askari achukue unaomfaa. Glock, walioshindwa, wakakata rufaa kwenye Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, GAO, ambayo pamoja na kazi nyingine husikiliza malalamiko ya zabuni kama inavyofanya mamlaka ya rufani za zabuni hapa kwetu. Moja ya hoja zao ilikuwa kwamba awamu nzito zaidi ya majaribio ilipaswa kufanyika kwa bastola zote mbili kabla ya kumchagua mshindi. Juni 2017 GAO ikaikataa rufaa: masharti ya zabuni yaliruhusu jeshi kuchagua mapema. Uamuzi huo pia ulionyesha bei zilizoshindanishwa. SIG walitaka dola milioni 169.5, Glock milioni 272.2. Pengo la zaidi ya milioni 100.

Kisheria, mjadala ukaishia hapo. Mimi ninayejifunza kutunga mitihani bado nashangaa: mmeandika kurasa zaidi ya 350 za maswali, halafu mnamtangaza aliyefaulu kabla ya swali gumu kuliko yote kujibiwa?

Na hapa ndipo kicheko chetu cha hosteli kilipokauka. Kwenye majaribio ya kijeshi ya kuidondosha bastola hiyo, iligundulika kwamba inaweza kufyatuka ikianguka. Kampuni ikaagizwa kurekebisha, ikapunguza uzito wa vipande vya mfumo wa kifyatulio. Habari hiyo ilitolewa na ofisi ya majaribio ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani katika ripoti ya Januari 2018. Lakini P320 za kawaida, zile za madukani, ziliendelea kuuzwa bila marekebisho hayo mpaka Agosti 2017, raia walipoonyesha kwamba zikidondoka kwa pembe fulani zinafyatuka. Hapo ndipo kampuni ikatangaza kuzirekebisha bure.

Fikirieni hilo taratibu. Kama Jenerali Milley angepata pesa yake Machi 2016, akaenda dukani na kuchukua P320 kutoka rafuni, angewagawia askari wake bastola yenye kasoro ile. Kilichookoa jahazi ni yale majaribio ya polepole na ya gharama aliyoyacheka.

Najua mtakachosema. Kwanza, majaribio nayo hayaoni kila kitu. Kweli. Ripoti ileile ilisema M17 ilikuwa na uhakika mdogo zaidi ikitumia risasi za kawaida kuliko ikitumia zile zenye ncha ya shimo. Na hadi miaka ya karibuni P320 za raia na za polisi zimeandamwa na kesi mahakamani huko Marekani, kampuni ikikana kwamba bastola inafyatuka bila kuvutwa kifyatulio. Lakini mtihani ukiacha kasoro moja ipite, tiba yake ni kuuboresha mtihani. Hakuna mwalimu anayefuta mtihani wa taifa kwa sababu mwanafunzi mmoja alibahatisha.

Pili, mtasema kuchelewa nako kunaua: wakati kamati inapima, askari yuko lindoni na bastola iliyochakaa. Hoja hii ndiyo nzito, na hapa nampa jenerali nusu yake. Mahali pa kuokoa muda ni kwenye karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jeshi la Austria lilitaka bastola mpya, likaweka masharti 17. Yalikuwa wazi kiasi kwamba Gaston Glock, mtu aliyekuwa hajawahi kutengeneza bastola, aliweza kuyasoma, kubuni kitu kipya na kushinda mwaka 1982. Masharti 17 dhidi ya kurasa 367! Ukieleza wazi unachotaka, unaokoa miezi mingi ya kuandika na kutafsiriana vifungu, na miezi hiyo unaihamishia kwenye uwanja wa shabaha, kwenye matope, kwenye kudondosha, na kwenye mikono ya askari wa kike na wa kiume wa saizi zote.

Kwa nini nawaandikia haya wanachuo wenzangu? Kwa sababu wengi wetu, hasa wa ualimu, miaka michache ijayo tutakaa kwenye kamati za manunuzi. Tutaletewa madawati, majiko ya gesi ya maabara, vizima moto vya mabweni. Kutakuwa na mtu kwenye kikao atakayesema, "Jamani, hili ni dawati tu," na mwingine atakayeonyesha bei ya chini na kutazama saa. Siku hiyo omba dawati moja liletwe pale pale, akalishwe mtoto wa kidato cha kwanza, uangalie kama miguu inagusa sakafu. Kizima moto kifunguliwe kimoja uwanjani, mkione kikitoa kitu. Itachukua nusu saa.

Mwenzangu wa manunuzi nimemsomea makala hii yote. Bado anasema Milley alikuwa sahihi, na kwamba sisi wa ualimu tunaona mtihani kila mahali. Nimemwambia tutabishana vizuri baada ya UE. Jumatatu nina karatasi ya upimaji na tathmini, na nimesikia maswali ya kuchagua hayapo.