Mzigo wa Video Usiwaangukie Wazazi

Wanachama wenzangu, tangu muhula uanze maneno ni yale yale: tuweke video za michezo yetu ya kuigiza kwenye kompyuta yetu wenyewe, tusitegemee kampuni kubwa za ng'ambo. Naunga mkono, tena mia kwa mia. Programu ya PeerTube, ambayo toleo lake kamili la kwanza lilitolewa mwaka 2018 na shirika la Framasoft la Ufaransa, haiuzwi, na yeyote aweza kuiweka katika seva yake. Lakini kuna jambo ambalo mashabiki wake hapa shuleni wanaliruka.

Hebu tupige hesabu. Video iliyo safi kiasi hula kama megabiti 2 kwa sekunde. Tuseme laini yetu yaweza kutoa megabiti 20. Watazamaji 10 wamekwisha kuijaza, na wa 11 atabaki kukodolea macho kiduara kinachozunguka! Wenzangu hunijibu, "Ah, PeerTube ina dawa: kila anayetazama humgawia mwenzake vipande alivyokwisha kupokea." Ni kweli, na dawa hiyo hufaa sana watu wengi wanapotazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Lakini mtu akitazama mchezo wa mwaka juzi peke yake usiku wa manane, atagawiwa na nani?

Na hao wagawaji ni akina nani, jamani? Si ndio wazazi wetu, wenye simu za bando? Mchezo wa nusu saa kwa kiwango hicho ni megabaiti 450 za kupokea. Simu ikimpelekea mwingine mchezo mzima, 450 nyingine zimekwenda, na mama hana habari. Isitoshe, wanaogawiana huweza kuona anwani za mtandao za wenzao. Kitufe cha kuzima ugawaji kipo, ila ni wangapi watakitafuta?

Maoni yangu ni haya. Sisi wenyewe tuuzime ugawaji huo tangu mwanzo. Video tuzipunguze hadi nusu megabiti. Sura zitafifia kidogo, lakini mchezo wa kuigiza ni maneno bwana, na watazamaji 40 watatoshea. Kisha tuziombe shule jirani zenye seva zihifadhi nakala za video zetu, nasi tuhifadhi zao, maana PeerTube inaruhusu hilo. Hapo seva ndizo zitakazobebeana mzigo, si simu za nyumbani.

Mlezi wa chama anataka mapendekezo kabla ya likizo ya Agosti. Langu ndilo hilo.