Tamasha la vijana: kujuana si kujisahau

Ndugu zetu katika imani, Ulaya ilianzisha mpango wa Erasmus mwaka 1987 ili wanafunzi wa nchi zake wasome pamoja na wajuane. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina tamasha lake la utamaduni, JAMAFEST, lililoanza Kigali 2013, likafika Dar es Salaam 2019 na Bujumbura 2022.

Yote hiyo ni miji mikubwa. Lakini Makongolosi, mji wa dhahabu wilayani Chunya, makabila yamechanganyika bila jukwaa: wamekutanishwa na riziki, wakaunganishwa na uaminifu wa mizani na kuzikana.

Suratul Hujurat, aya ya 13, inatufundisha kuwa makabila yamewekwa ili watu wajuane, na mbora wao ni mchamungu. Basi wazazi, mwanenu akialikwa tamashani, msikatae kabla ya kuuliza: sala ina nafasi katika ratiba? Chakula ni halali? Wasichana wana malazi yao? Majibu yakiridhisha, aende kwa adabu zake.

Waandaaji nao wazingatie: kijana anayelazimishwa kuchagua baina ya sala na jukwaa hakuunganishwa, ametengwa.

Wallahu aalam.