Thange na Deni la Wabunge Wetu



Mwezi wa Mei 2015, wakazi wa Thange, karibu na Kibwezi, waligundua kuwa maji yao yamechanganyika na mafuta. Bomba la kutoka Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, lilikuwa limevuja chini ya ardhi. Mto uliowapa maji ya kunywa, ya mifugo na ya kunyunyizia mboga ukaharibika. Ikawachukua miaka 10 kupata hukumu. Mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliiamuru Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya iwalipe watu zaidi ya 3,000 fidia inayopita shilingi bilioni 3.

Twaishukuru Mahakama. Hata hivyo, hukumu hiyo yatuachia swali: katika miaka hiyo 10, watunga sheria wetu walikuwa wapi? Tangu bomba lipasuke hadi hukumu kutolewa, Mabunge matatu yalikaa: la 11, la 12 na la 13. Hatusemi wote walinyamaza. Mutula Kilonzo Junior, alipokuwa Seneta wa Makueni, alilifikisha suala la Thange mbele ya Seneti. Lakini kulalamika Bungeni ni jambo moja, na kutunga sheria itakayomlipa mkulima kabla watoto wake hawajazeeka ni jambo jingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Wako watakaosema kwamba tunapinga maendeleo. La hasha. Nishati twaihitaji, matatu zetu na mashine zetu za kusaga hazitembei kwa maombi. Tunalolikataa ni kwamba faida ya mafuta iwe ya nchi nzima, na hasara yake iwe ya kijiji kimoja.

Wala sheria haikukosekana. Katiba ya 2010, Kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Kifungu cha 70 chamruhusu mwananchi kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila hata kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Tena Sheria ya Mazingira ya 1999 iliunda mfuko wa taifa wa kurejesha mazingira, na kuruhusu wenye shughuli za hatari watakiwe kuweka dhamana ya fedha mapema. Basi ni wajibu wa mbunge kuisimamia Serikali na kuiuliza: mfuko huo una kiasi gani? Nani ameweka dhamana, na nani hajaweka?

Wenzetu wa Marekani walionyesha kwamba Bunge laweza kuchukua hatua upesi. Meli ya Exxon Valdez ilimwaga mafuta Alaska mwezi wa Machi 1989. Mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria iliyoutia nguvu mfuko wa fidia, uliochangiwa kwa tozo juu ya kila pipa la mafuta. Aliyeumia aweza kulipwa na mfuko, kisha mfuko ndio umfuate mchafuzi. Hapa kwetu ni maskini mwenyewe amfuataye tajiri.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa. Mwaka huo huo wa 2025, Bunge la Taifa liliidhinisha kuuzwa kwa hisa za Serikali katika kampuni hiyo ya bomba. Kisheria, kuuza hisa hakufuti deni la kampuni. Lakini mwananchi wa Thange anastahili kumsikia mbunge wake akilitamka hilo waziwazi, na kulidai liandikwe.

Sisi wa Machakos tusijione tuko mbali. Hadi 1992 Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya yetu, na bomba lapita pia katika ardhi yetu kuelekea Nairobi. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Sehemu ya 2A ya Katiba ya zamani ilipofutwa Desemba 1991, watu hawakuwa wametiwa korokoroni ili tupate bendera za rangi nyingi tu. Walitaka mbunge amche mpiga kura kuliko amchavyo mkubwa wa chama. Kwa hiyo kila anayekuja kuomba kura, awe wa chama chochote, hata akija kanisani na bahasha ya harambee, na aulizwe mambo matatu. Je, atadai hesabu ya mfuko wa mazingira? Je, ataunga mkono sheria ya kumlipa mwathiriwa kwanza, kesi ifuate baadaye? Je, atataka mabomba yakaguliwe, na ripoti zisomwe kwa wanaoishi kando yake?

Akijibu kwa nyimbo na vijembe, tumshukuru kwa sadaka yake, na kura tumnyime.