Shahada ya mbali, habari za jirani: nani anamfunza mwanahabari wa mpaka wa Rubavu?

Mfanyabiashara wa viazi wa Bugeshi hahitaji gazeti limweleze bei ya gunia lililo mbele yake. Anachohitaji ni kujua yale asiyoweza kuyaona kwa macho: kama Kabuhanga patapitika asubuhi, kama upande wa Kibumba kumetulia, kama tozo aliyodaiwa jana atadaiwa tena leo, na kama dola imepanda tangu Jumatatu. Akikosea katika hayo mzigo unarudi nyumbani, na kabichi haina subira.

Ndiyo maana swali la nani anawasomesha wanahabari, na kwa fedha za nani, linamhusu mtu wa sokoni kuliko linavyoonekana. Katika ukanda huu sehemu kubwa ya elimu ya juu ya uandishi wa habari imejengwa kwa ubia na vyuo vikuu vya nje. Mmoja wa ubia huo unaunganisha Chuo Kikuu cha Rwanda, Uganda Christian University ya Mukono, Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal cha Afrika Kusini na NLA University College ya Norway. Fedha zake zinatoka katika mpango wa serikali ya Norway unaoitwa NORHED, ambao awamu yake ya pili ilianza 2021 na imepangwa kufika 2026. Lengo ni kuandaa wahadhiri na watafiti wa habari wa ngazi ya uzamili na uzamivu, ili vyuo vya Afrika Mashariki visiendelee kuazima walimu.

Rwanda imeupitia mchezo huu kabla. Shule ya uandishi wa habari ilifunguliwa Butare, mji unaoitwa leo Huye, mwaka 1996, ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa. Miaka miwili nyuma taaluma hiyo ilikuwa imeteketea. Makumi ya wanahabari waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, wengine walikimbia nchi, na wengine ndio waliokuwa wakichochea mauaji hayo kwa kipaza sauti. Shule ilianza karibu bila walimu. Januari 2006 Chuo Kikuu cha Carleton cha Ottawa, Kanada, kilianzisha mradi wa Rwanda Initiative chini ya mwanahabari na mhadhiri Allan Thompson. Wakanada wakaja Butare kufundisha kwa zamu, wanafunzi wa Carleton wakaja kufanya mafunzo ya vitendo katika vyombo vya habari vya Rwanda. Miezi michache kabla, Novemba 2005, Radio Salus ya chuo ilikuwa imeanza kurusha matangazo kwa msaada wa UNESCO, kwa hiyo mwanafunzi aliweza kutoka darasani na kuingia moja kwa moja studio.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli mwenyeji alipona kwa kiasi: vijana walipata walimu, vifaa na mazoea ya kuhakiki habari kabla ya kuitoa. Lakini mradi ulidumu miaka michache tu. Mwalimu wa kigeni anayekuja kwa muhula mmoja huondoka na daftari lake. Anayebaki ni mhadhiri wa hapa, mwenye madarasa mengi na mshahara ule ule. Ubia wa sasa angalau umeanzia mahali sahihi zaidi, kwa kuwa unamsomesha mhadhiri mwenyewe badala ya kumletea mbadala.

Hata hivyo ni kosa kudhani shahada peke yake inatosha. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa RTLM, redio iliyoanza kutangaza Julai 1993 na kuwa chombo cha kuhimiza mauaji, alikuwa profesa wa historia aliyesomea udaktari wake Paris. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, ilimtia hatiani Desemba 2003 pamoja na Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze. Elimu ya juu haikumzuia. Kwa hiyo kipimo cha shahada ya uandishi wa habari kiwe kazi inayofanywa na aliyeipata, hasa siku ambayo habari ni ngumu. Jina la chuo cha ng'ambo lililo kwenye cheti halipimi hilo.

Watu wa Rubavu wanazijua siku hizo. Agosti 1, 2019, Ebola ikiwa imeingia Goma, habari zilienea kwamba Rwanda imefunga mpaka. Kabla jua halijazama mpaka ulikuwa wazi tena. Katika saa hizo chache maafisa walitoa kauli zisizolingana, na vyombo vingi vikubwa vya dunia viliandika kwanza kwamba umefungwa, kisha vikaandika kwamba umefunguliwa. Kwa msomaji wa Paris hiyo ni sentensi mbili. Kwa mtu aliyekuwa na nyanya Petite Barrière, mahali ambapo kabla ya 2020 makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka kila siku, ni mtaji wa wiki nzima. Mwandishi aliyehitajika pale ni yule ambaye angesimama kwenye kizuizi chenyewe, akampigia afisa wa upande huu na wa upande ule, kisha akasema kwa lugha inayoeleweka sokoni: wenye mizigo wanapita, au hawapiti, na ni hadi saa ngapi.

Hayo ni mambo ya dharura. Yapo pia ya kila siku, na ndiyo yanayokula faida kimyakimya. Chukua utaratibu wa biashara rahisi. Chini ya COMESA, bidhaa zilizo katika orodha ya pamoja na zenye thamani isiyozidi kiwango kilichowekwa hupita kwa hati nyepesi ya uasilia. Chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kiwango cha hati ya namna hiyo ni dola 2,000 za Marekani. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya Aprili 8, 2022, na ikawa mwanachama kamili Julai mwaka huo. Wafanyabiashara wengi walisikia habari hiyo wakaelewa kwamba ushuru umekwisha. Haikuwa hivyo. Kujiunga ni jambo moja, na kuanza kutumia sheria za forodha za Jumuiya ni jambo lingine. Redio iliyotangaza sherehe ya kutia saini bila kueleza tofauti hiyo ilimwachia mama wa Bugeshi kazi ya kuijua mwenyewe, mbele ya afisa, mzigo ukiwa chini.

Kuieleza tofauti hiyo ni ujuzi wa kusomewa. Mtu hujifunza kusoma ratiba ya ushuru, kulinganisha thamani ya faranga ya Rwanda, faranga ya Kongo na dola, kutambua tozo iliyo na risiti na tozo isiyo na risiti, na kuandika yote hayo bila kumpoteza msikilizaji. Mitaala inayoundwa na washirika wa mbali huwa na nguvu katika maadili, demokrasia, usawa wa kijinsia, amani, na siku hizi habari za uongo mitandaoni. Yote yana maana. Ila uchumi wa mpakani huachwa ujifunzwe kazini, na kazini kwenyewe mhariri hana muda.

Halafu ipo lugha, na hapa hali inachekesha kama isingekuwa ya hasara. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza. Kongo inafundisha kwa Kifaransa. Mhitimu wa Huye na mhitimu wa Goma wanaweza kukaa meza moja Gisenyi, wakaagizana chai kwa Kiswahili au Kinyarwanda na kubishana bei ya mahindi, lakini hakuna anayesoma kwa urahisi tasnifu ya mwenzake. Bunge la Rwanda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na wakuu wa nchi za Jumuiya wakakikubali mwaka 2021 pamoja na Kifaransa kuwa lugha rasmi za Jumuiya. Darasani, lugha ambayo biashara ya Rubavu na Goma inazungumza kila siku bado haijawa lugha ya kumfundishia mwandishi atakayeandika habari za biashara hiyo.

Goma yenyewe ndiyo pengo kubwa kuliko yote. Kutoka Bugeshi mtu anaiona Kongo kwa macho. Ottawa hawezi kuiona, wala Norway. Lakini katika orodha ya washirika wa ubia huo wa NORHED hakuna chuo cha Kivu Kaskazini. Sababu zinafahamika. Wafadhili huchagua mahali ambapo wahadhiri wao watasafiri kwa bima, na siasa kati ya Kigali na Kinshasa hazijampa rekta yeyote moyo wa kutia saini. Tangu M23 ilipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025 jambo hilo limekuwa gumu zaidi: uwanja wa ndege ulifungwa, benki zilifungwa, watu wakawa wanavuka kuja Gisenyi kutafuta fedha taslimu. Ni wakati huohuo ambapo uhitaji wa habari zilizohakikiwa kutoka pande zote mbili ulikuwa mkubwa kuliko miaka yote ya karibuni. Makubaliano ya amani ya Washington ya Juni 27, 2025 kati ya Rwanda na Kongo yana sehemu ya ushirikiano wa kiuchumi. Sehemu hiyo inamgusa mchuuzi moja kwa moja, na kuisoma na kumweleza inamaanisha nini ni kazi ya mwandishi mwenye masikio pande zote mbili za kizuizi.

Suala la fedha nalo limebadilika haraka. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 shirika la USAID lilikuwa limeacha kufanya kazi zake. Mashirika yaliyokuwa yakifunza wanahabari kwa fedha hizo yalipunguza watu na miradi katika nchi nyingi. Machi 17 mwaka huohuo Rwanda ilivunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji, baada ya kusitisha ushirikiano wa maendeleo Februari. Chuo kinachotegemea mshirika wa nje kinategemea pia hali ya hewa kati ya serikali mbili, na hali hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili haiamui.

Je, Afrika Mashariki ina fedha yake? Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao yake Kampala tangu 1980, limefanya kazi ya maana: mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu ulipitishwa 2015, na mwaka 2017 Jumuiya ilitangazwa kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu. Kwa maandishi, shahada ya Mukono inapaswa kueleweka Kigali bila mizunguko. Lakini ufadhili wa masomo unaotolewa kwa jina la Jumuiya, ambao fedha zake zinatoka Ujerumani, umeelekezwa kwenye hisabati, uhandisi, sayansi, teknolojia na biashara. Mwandishi wa habari hayumo. Yaani hata mkoba ulioandikwa jina letu umejazwa Ulaya, na taaluma ya kutuambia mpaka uko wazi au la imeachwa nje ya mkoba huo.

Mzazi wa Bugeshi anayeuza viazi ili mtoto asome, na anayeoneshwa tangazo la shahada ya uandishi wa habari kwa ubia na chuo cha ng'ambo, ana haki ya kuuliza kama anavyouliza mzani wa sokoni. Cheti kitatolewa na chuo gani, cha hapa au cha kule, au vyote viwili? Baraza la Elimu ya Juu la Rwanda, HEC, linakitambua? Ubia mwingine ni wa wahadhiri wageni tu, na cheti ni cha chuo cha hapa peke yake. Huo si utapeli, lakini si sawa na shahada ya vyuo viwili, na bei yake isifanane. Mradi ukiisha mtoto akiwa mwaka wa pili, nani atawalipa walimu? Na mafunzo ya vitendo yatafanyika wapi? Swali hilo la mwisho huulizwa na wachache, nalo linasema mengi kuliko picha za majengo. Kijana aliyefanya mazoezi miezi mitatu katika redio ya Rubavu, akaripoti bei, foleni na tozo, anaingia kazini akiwa na kitu mkononi.

Kwa vyuo, hatua ya kwanza ni ndogo kuliko mkataba wa rekta kwa rekta. Somo moja la habari za biashara ya mpakani, linalofundishwa kwa Kiswahili Gisenyi kwa majuma machache, lenye nusu ya wanafunzi kutoka Huye na nusu kutoka Goma, halihitaji ndege wala viza za Ulaya. Linahitaji chumba, wahadhiri wawili, afisa wa forodha aliye tayari kuulizwa maswali, na vibali vya kuvuka kwa wanafunzi wa upande wa pili. Kwa sasa hicho cha mwisho ndicho kigumu kukipata.